Mpanda Farasi wa Mamba

Tulikuwa darasa la sita, shule ya msingi, huko Mamba. Mwalimu wa Kiswahili aliandika methali ubaoni: "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba." Akageuka, akafuta chaki mikononi, akauliza: nani amewahi kumwona farasi kwa macho yake? Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Hakuna mkono uliopanda. Mwishowe kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, huyo mpanda farasi ni mtu wa Mpanda mjini?"

Tulicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Mwalimu naye alicheka, halafu akakiri kitu ambacho walimu hawapendi kukiri. Alisema hata yeye farasi alimwona kitabuni tu.

Ndugu msomaji, swali lile lilikuwa la kipuuzi lakini halikuniacha. Kwa nini methali yetu wenyewe inazungumzia mnyama ambaye kwetu hayupo? Sisi tuna ng'ombe, punda, baiskeli, na tembo wa kuiba mahindi usiku. Farasi hatuna. Na kama hayupo, ni nani aliyewahi kupita kwetu akiwa juu ya mnyama, miguu haigusi ardhi? Nilipoanza kutafuta majibu nilikuta habari ambayo hatukufundishwa, na ilitokea hapohapo Mpimbwe.

Lakini nianze na mgongo wenyewe.

MARA YANGU YA KWANZA

Nilimpanda farasi nikiwa mtu mzima, kwenye shamba moja karibu na Arusha, ambako mwenzangu niliyesoma naye sekondari alikuwa mtunza farasi. Aliniweka juu ya jike mmoja mzee, mpole, ambaye alisema hata watoto hupanda. Nikasema haya.

Kilichofuata ni aibu tupu. Nilipokaa tu kwenye tandiko nikafanya anachofanya kila mwoga: nikabana. Magoti yakabana, mabega yakapanda hadi masikioni, pumzi nikaizuia kifuani, mikono ikavuta hatamu. Yule farasi mpole akanyanyua kichwa, akakaza mgongo, akaanza kutembea kwa vihatua vifupivifupi, kisha akatoka mbio kidogo. Nikaogopa zaidi, nikabana zaidi. Naye akaongeza mwendo.

Mwenzangu hakumkimbilia farasi. Alisimama palepale akanipigia kelele mimi: "Pumua wewe! Shusha mabega! Acha magoti! Kaa kama gunia lenye akili!"

Nikatoa pumzi. Sikufanya lolote lingine, nilitoa pumzi tu, ndefu. Na farasi akapunguza mwendo, akashusha kichwa, akatembea. Nilitamani kulia. Yaani mnyama wa kilo mia kadhaa alikuwa anasikiliza mapafu yangu!

Jioni ile mwenzangu alinieleza, na baadaye nilisoma zaidi. Ngozi ya farasi inamsikia nzi anapotua, na inatikisika mahali palepale alipotua. Mnyama anayemsikia nzi atashindwaje kulisikia goti la mtu? Tena farasi, akiwa amesimama bila mzigo, hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Mpandaji akiinama mbele kwa woga, anaongeza mzigo palepale penye mzigo, na farasi hulazimika kuharakisha miguu ili asipoteze mizani. Akiegemea nyuma na kuvuta, tandiko linabonyeza kiuno, lijamu linauma mdomo, na mgongo wa farasi unazama chini badala ya kumbeba mtu. Akikaa upande, farasi naye ataelekea upande huo, akitafuta kuwa chini ya uzito wake. Mpandaji atasema, "Farasi huyu hana adabu, anapinda!" Kumbe aliyepinda ni yeye.

Kuna sababu nyingine. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, aliyezoea kuishi kundini. Porini mmoja akikaza mwili, wote hukaza, maana huenda amemwona simba. Sasa wewe uliye mgongoni ukikaza mwili, farasi hajui kwamba unaogopa kuanguka. Anachoelewa ni kwamba kuna simba, ila yeye bado hajamwona.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitoa jaribio moja zuri sana kwa urahisi wake. Watu waliongoza au kupanda farasi kwenye njia ileile mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia yakapanda. Farasi hawakuambiwa habari za mwavuli. Waliambiwa na miili ya watu.

Na Mgiriki mmoja, Xenophon, aliyekuwa askari, aliandika kitabu cha kupanda farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Tayari alikuwa anawaonya vijana wa zama zake wasikae juu ya farasi kama mtu aliyekaa kitini, bali kama aliyesimama wima na kupanua miguu, sehemu ya juu ya mwili ikiwa laini. Basi jambo hili ni la zamani, ila kila mwoga huanza upya.

FARASI ALIYEJUA HESABU

Hapa nataka nitoke nje kidogo, kwa sababu habari hii inatugusa kuliko inavyoonekana.

Mwaka 1904 jiji la Berlin lilikuwa na farasi maarufu aliyeitwa Hans. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten. Unamuuliza Hans tatu jumlisha nne, anagonga kwato mara saba. Magazeti yakaandika, wakubwa wakaja kuona, ikaundwa hata tume ya wataalamu kumchunguza. Hawakuona udanganyifu wowote. Ni kijana Oskar Pfungst aliyefumbua fumbo, akatoa kitabu mwaka 1907. Aligundua kwamba kama muulizaji hajui jibu, Hans naye hajui. Kama Hans hamwoni muulizaji, anakosea. Muulizaji akishauliza huinama kidogo sana kuitazama kwato, mwili ukiwa umekaza. Kwato inapofika kwenye jibu, mwili unalegea, kichwa kinainuka kidogo mno, bila mwenyewe kujua. Hans alikuwa haoni namba. Alikuwa anausoma mwili.

Niliposoma habari hii nilitazama tena miaka. 1904, tume ya Berlin ilikuwa inamsikiliza farasi kwa makini. 1905, huku kwetu, watu waliolimishwa pamba kwa kiboko walianza vita vya Maji Maji dhidi ya serikali ya Berlin hiyohiyo. Sisemi kwamba Pfungst alikuwa na kosa, alifanya kazi nzuri. Nasema tu kwamba mtu anaweza kujifunza kusoma mwili wa farasi na bado asisikie anayelia chini yake.

KWA NINI HAYUPO

Turudi Mamba. Ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Kibaoni, unaelekea Usevya, na huko mbele ndiko kwetu. Ukipita hifadhini funga vioo vya gari. Kuna mbung'o, wengine huwaita ndorobo, ambao huuma hata juu ya shati. Huyo mdudu ndiye jibu la swali la mwalimu wetu.

Mbung'o hueneza vimelea vya ugonjwa wa nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Daktari David Bruce alivigundua vimelea vya nagana huko Zululand mwaka 1895. Kabla ya hapo watu wetu hawakuwa na hadubini, lakini walijua vizuri sana wapi pa kupita na wapi pa kutopita na mnyama. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaouawa upesi na ugonjwa huu. Wageni walijifunza kwa hasara. Stanley, alipokuwa anamtafuta Livingstone mwaka 1871, aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa Kingaru, siku chache tu tangu waanze safari. Safari iliyobaki ilikuwa ya miguu na punda, na wapagazi.

Wapagazi! Huyo ndiye aliyekuwa farasi wa nchi hii. Mnyamwezi, Msukuma, mtu wa pwani, akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi kichwani au begani, yaani kilo thelathini na kitu, miezi mitatu mpaka Tabora. Vitambaa, shanga, waya, bunduki vilikwenda bara, na pembe za ndovu zikarudi pwani. Na wapagazi hawakuwa mizigo isiyosema. Walipatana mishahara, waligoma, na wakidhulumiwa walitua mzigo wakapotea porini. Hilo ndilo lililowaudhi sana wakubwa wa Ulaya.

TEMBO WANNE

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliita mkutano Brussels, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Kwa maneno ilikuwa ya sayansi na kupinga utumwa. Tunajua ilikoishia: Kongo. Lakini hatua zake za mwanzo zilipita kwetu. Mwaka 1879 Mbelgiji aitwaye Cambier alianzisha kituo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambayo leo iko mkoani Katavi.

Kituo kinahitaji vitu, na vitu vinahitaji mgongo. Ng'ombe na farasi wanakufa, wapagazi wanadai haki yao. Basi likaja wazo: tembo! Tembo wa porini wa Afrika wanaishi na mbung'o bila shida. Kwa nini wasiletwe tembo wa India, waliofunzwa tayari, wafungue njia, na baadaye wawasaidie watu kuwafuga tembo wa hukuhuku?

Katikati ya mwaka 1879 tembo wanne walipakiwa melini Bombay, pamoja na waongozaji wao Wahindi. Kiongozi wa msafara alikuwa Frederick Carter, Mwairishi. Walifika Msasani. Gati hapakuwa, tembo waliteremshwa majini wakaogelea hadi ufukweni. Fikiria wavuvi wa Msasani siku ile!

Hapa ndipo somo la farasi linaporudi. Mwongoza tembo hakai mgongoni kama tunavyochora. Hukaa shingoni, miguu ikiwa nyuma ya masikio, na lugha yake kubwa ni vidole vya miguu. Akisukuma huku, tembo anageuka kule. Akibonyeza, anasonga. Mtu huyo hukaa na tembo wake miaka, humwogesha, humlisha, hujua leo ameamka vipi. Mgongo wa tembo nao si meza. Uti wake una mifupa iliyosimama juu, kwa hiyo mzigo unataka matandiko mazito yaliyopangwa vizuri, la sivyo unachuna nyama. Mwongozaji mzuri anasikia mnyama anapoanza kubadilisha hatua, na anajua kwamba mzigo umemkera.

Lakini kasi ya msafara ule haikuamuliwa na aliyekaa shingoni. Iliamuliwa na tarehe, na barua za Ulaya, na hamu ya mfalme kuona matokeo. Mizigo ilikuwa mizito. Chakula kilikuwa kile kilichopatikana njiani, wakati tembo wale walizoea kulishwa na kupumzishwa kwa utaratibu. Wakapita mabonde na vinamasi, wakaingia Ugogo kwenye ukame. Watatu walikufa njiani. Desemba 1879 akafika Karema tembo mmoja tu, jike, jina lake Pulmalla.

Waliobishana baadaye walitaja mizigo, chakula na uchovu. Mbung'o hawakuwa sababu iliyotajwa zaidi, na hilo ndilo linaloniuma. Jaribio lilifanywa ili kuona kama nchi itawaua wale tembo. Kumbe waliokuwa juu ndio waliowaua. Ni kama mimi na yule farasi wa Arusha: nilidhani yeye ndiye mkorofi.

Jambo moja zaidi. Vitabuni nilikuta jina la tembo, jina la Carter, jina la meli, ambayo iliitwa Chinsura. Majina ya waongozaji wale Wahindi, watu waliousikia mwili wa kila tembo kwa nyayo zao, sikuyakuta. Wala ya wapagazi waliotembea kando.

MPIMBWE, JUNI 1880

Sasa tunafika nyumbani. Katikati ya mwaka 1880 Carter aliondoka Karema kurudi pwani, pamoja na mwenzake Cadenhead. Njia ilipita Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe, kwetu. Mwezi Juni walikuwa wamefikia kwenye boma la mtemi pale Mpimbwe lilipovamiwa na majeshi ya Mirambo, mtemi mkuu wa Urambo, na rugaruga wake. Vita ile haikuwa kwa ajili ya Wazungu wawili. Ilikuwa ya watemi, ya njia za biashara, ya nani ashike bonde la Rukwa. Carter na Cadenhead waliuawa humo, pamoja na watu wao.

Kwa Mirambo hasara ilikuwa kubwa. Kabla ya hapo alikuwa anatafuta urafiki na Waingereza, na balozi wao wa Zanzibar, John Kirk, alimtazama kama mtu wa kuzungumza naye. Baada ya Mpimbwe mlango ule ulifungwa. Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu, lakini haikusaidia. Alifariki Desemba 1884, na mamlaka yake yakaanza kubomoka. Mwaka uliofuata Karema ikakabidhiwa kwa mapadri, wale White Fathers.

Vitabu vikifika hapa vinahesabu maiti mbili. Boma zima lilivamiwa, lakini waliokufa kwa majina ni wawili. Nilipokuwa mtoto nilicheza kwenye ardhi hiyo, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba historia ya Leopold, ya Mirambo na ya tembo wa India ilikutana karibu na mashamba yetu.

Leopold hakuacha wazo lake. Karibu mwaka 1900, huko Kongo, ofisa wake Laplume alianza kuwakamata na kuwafuga tembo wa Kiafrika, kwanza Kira Vunga, halafu Api, na baadaye kazi ikahamia Gangala na Bodio. Ilifaulu kuliko ya Carter. Sababu moja naiona wazi: waongozaji walikuwa Wazande, watu wa palepale, waliokua pamoja na tembo wao tangu ndama. Wageni waliofika huko waliandika kwamba jioni walisikia watu wakiwaimbia tembo. Muda ulitolewa. Mwili ukapewa nafasi ya kuujua mwili.

KERIA LA BAISKELI

Unaweza kusema, haya yote yananihusu nini mimi kijana wa mjini? Subiri.

Baba yangu mkubwa alikuwa fundi wa kubeba watu kwa baiskeli, kabla pikipiki hazijatapakaa. Alikuwa akimpakia abiria kwenye keria anamwambia kwanza: "Usiniongoze. Nikiinama, inama nami. Ukikaza utatuangusha." Abiria wa hatari, alisema, si mnene. Ni mwoga, yule anayeng'ang'ania kiuno cha dereva na kuegemea upande mwingine kila penye kona. Na wazee waliomtangulia walisimulia habari za machila, kile kitanda cha kubebwa begani, ambamo wakubwa wa serikali ya kikoloni walipita vijijini. Walisema bwana aliyelala usingizi alikuwa mwepesi. Aliyekuwa na hasira, anayegeukageuka na kufoka, alikuwa mzito maradufu, ingawa kilo ni zilezile.

Unaona? Mamba hakukuwa na farasi, lakini elimu ya farasi ilikuwepo. Ila sisi tuliijua kutoka chini. Xenophon alieleza jinsi ya kukaa juu. Wazee wetu wangeweza kuandika kitabu kizima kuhusu namna ya kumbeba mtu asiyejua kukaa.

Kitabu hicho hakikuandikwa. Leo Wasukuma wameingia Mpimbwe na ng'ombe wao, maksai wanalima, punda wanavuta mikokoteni, misitu imepungua na mbung'o wamepungua pamoja nayo. Karema ina bandari. Wale wazee wa machila wameshaondoka, na waliowasikia wanaondoka mmojammoja.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaotaka kuandika, nina ombi moja. Tumezoea kuandika historia ya aliyepanda: mfalme, kapteni, mtemi, bwana shauri. Tafuta na aliyepandwa. Kama una babu aliyebeba, muulize mzigo ulikaaje, bega gani liliuma, aliyekuwa juu alikuwa wa namna gani. Muulize leo, usisubiri likizo. Usiende na majibu yako mfukoni, maana mzee naye ni kama Hans: akiona unataka jibu fulani, atakupa hilohilo. Kaa vizuri, pumua, msikilize.

Mwalimu wetu wa darasa la sita bado yupo, amestaafu. Nilipokwenda likizo nilimpelekea picha niliyopigwa Arusha, mimi juu ya farasi, uso umekakamaa kama nimeketi juu ya kaa la moto. Aliitazama sana. Halafu akasema, "Mwanangu, kumbe ni huyu! Sasa niambie, yeye alijisikiaje?"